Jinsi ya Kujenga Reli ya Mfano ya Mji wa Kweli Inayobebeka: Mwongozo Kamili

Kazi hii hukwama mahali pawili, na karibu kila ombi la msaada ninalopokea linaangukia kwenye mojawapo. Pa kwanza ni pale bodi (vipande vya mbao vinavyobeba reli na mji) zilizokaa vizuri nyumbani zinapobebwa hadi ukumbi wa maonyesho, zikaunganishwa tena, na reli zikakataa kukutana. Upande mmoja umepanda nusu milimita tu, lakini treni inaanguka kila ikipita. Pa pili ni pale mtu anayeujua mji huo anaposimama mbele ya kazi yako, akaitazama yote, kisha akauliza, "Hapa ni wapi?"

Chanzo ni kimoja: mjenzi alianza na stesheni. Anza na mlango. Ukishajua kitu kikubwa kiasi gani kinaweza kutoka chumbani kwako, kushuka ngazi na kuingia garini, mji utajichagua wenyewe: nini kibaki, nini kiachwe, bodi ikatike wapi.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa bodi: plaiwudi ya milimita 9, gundi ya mbao, skrubu, klampu zisizopungua nne, guniya, pimamaji, msumeno, drili, rangi au vanishi.

Kwa maungio ya bodi: jozi mbili za pini za shaba za kulenganisha, dume na jike, kwa kila ungio, boliti za milimita 8 zenye nati za masikio na washa pana.

Kwa reli na umeme: reli za kupinda, pointi (yaani vipande vinavyoigawa njia), vipande vya ubao wa saketi wenye ngozi ya shaba, chuma cha kulehemu na risasi yake (waya wa kuyeyusha), waya wa milimita mraba 2.5 na mwingine mwembamba wa 0.5, plagi na soketi zenye pini nyingi, mita ya kupimia umeme, kinu kidogo cha umeme chenye kisahani chembamba cha kukatia.

Kwa mandhari: povu gumu la polistireni, kadibodi, gundi nyeupe, kokoto za reli za skeli yako (yaani kipimo unachopunguzia mji), kichujio cha chai, sumaku na chupa ya kunyunyizia.

Na karatasi. Karatasi nyingi za kubandika pamoja mpaka zifikie ukubwa kamili wa bodi. Wengi huona hili si la lazima, na hao ndio hununua pointi mara mbili.

Hatua ya 1: Pima njia ya kutokea

Chukua futi kamba upime upana wa mlango, kona ya ngazi, na nafasi ya ndani ya gari huku milango yake ikiwa imefungwa. Kisha kata kadibodi yenye ukubwa wa bodi unayoifikiria, uipitishe kote huko ukiwa peke yako. Kadibodi ikigonga ukuta kwenye kona, bodi halisi itagonga pia, ikiwa na majengo juu yake.

Kwa watu wengi bodi ya sentimita 120 kwa 50 inafaa. Sentimita 100 ni bora kama utabeba peke yako. Uzito wa mwisho, ukiwa na kila kitu juu, usizidi kilo 12. Juu ya hapo utaanza kuisukuma bodi kwa goti, na kiunzi kitalegea.

Utajua hatua imekamilika utakapokuwa na namba tatu zilizoandikwa: urefu wa bodi, upana wake, na idadi ya bodi zinazoingia garini pamoja na mizigo mingine.

Hatua ya 2: Chagua skeli kwa hesabu

Skeli mbili zinazopatikana kwa wingi ni N, ambayo ni 1:160 (kila kitu hupunguzwa mara 160) juu ya reli ya upana wa milimita 9, na HO, ambayo ni 1:87 juu ya reli ya milimita 16.5. Usichague kwa kupendezwa na kichwa cha treni dukani. Fanya hesabu kwanza.

Tuseme yadi ya stesheni unayoitaka (eneo la njia ambako treni hupangwa) ina mita 900 kutoka pointi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa HO hizo ni mita 10.3. Kwa N ni mita 5.6. Kama gari lako linabeba bodi tatu za sentimita 120, una mita 3.6 tu. Ukichukua N unabaki na karibu theluthi mbili za urefu wa kweli, na jicho hulikubali hilo. Ukichukua HO unabaki na theluthi moja, na hapo treni itajaza stesheni nzima.

Pima na treni yenyewe. Mabehewa matano ya mita 20 na kichwa cha mita 18 ni mita 118: kwa N sentimita 74, kwa HO mita 1 na sentimita 36. Njia ya kupishana lazima iimeze treni hiyo na kubakiza nafasi kila upande, la sivyo treni mbili hazitapishana kamwe.

Angalia pia upana wa reli wa mji wenyewe. N na HO zinaiga reli ya milimita 1,435. Mji wako ukiwa na reli ya mita moja, kwa skeli ya 1:87 tafuta reli ya milimita 12. Ukiwa na reli ya milimita 1,067, kama ilivyo New Zealand, skeli ya 1:120 inakaa vizuri juu ya reli ya milimita 9, kwa sababu 1,067 ukiigawa kwa 120 unapata 8.9. Utajenga mwenyewe miili ya mabehewa, lakini magurudumu na mota za N zitakufaa.

Hatua ya 3: Usome mji kwa miguu

Picha za setilaiti za Google Earth zina rula ya kupimia umbali, na kwa maeneo mengi unaweza kurudi kwenye picha za miaka ya nyuma. Anzia hapo uchore ramani, kisha nenda.

Ukifika, simama mahali ambapo abiria husimama na utazame wanachokitazama. Piga picha za majengo ukiwa umeyakabili uso kwa uso, si kwa pembeni. Beba fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi mbili kwa zamu kila nusu mita, uiegemeze ukutani kabla ya kupiga picha. Fimbo hiyo itakupa urefu wa milango, madirisha na paa hata ukiwa umesharudi nyumbani. Kwenye HO mita 2 ni milimita 23, kwenye N ni 12.5.

Onyo: usiingie kwenye njia ya reli. Omba ruhusa kwa msimamizi wa stesheni, na ukinyimwa, pigia picha barabarani.

Ongea na wazee wa mtaa. Mtu aliyeishi karibu na reli miaka mingi atakuambia ghala lilifunguka upande gani, mti upi ulikatwa, treni ya asubuhi ilisimama wapi. Hayo hayaonekani kutoka angani. Kisha amua mwaka mmoja na usiuvuke: jengo lililokuja baadaye, hata likiwa zuri vipi, liache.

Hatua ya 4: Upunguze mji bila kuupoteza

Hapa ndipo mji hutambulika au hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Andika vitu vitano ambavyo mtu wa mji huo angevitaja kama angeambiwa aeleze stesheni yao kwa simu. Labda ni paa la stesheni, tangi la maji, mwembe, kivuko cha barabara na ghala la mabati. Hivyo vitano vinabaki. Vingine vyote vinaweza kuondoka.

Halafu linda mfuatano. Mtu anayetembea kutoka kivukoni anakutana kwanza na tangi, kisha ghala, kisha stesheni. Ukibadilisha mpangilio huo ili pointi zikae vizuri, umejenga mji mwingine. Afadhali upunguze njia tatu za yadi ziwe mbili.

Punguza urefu, usipunguze kimo. Ghala lenye milango minane linaweza kubaki na mitano bila mtu kugundua. Lakini ukilifupisha kwenda juu, mlango hautamtosha mtu, na jicho litakataa mara moja.

Acha uwazi. Miji mingi ya kweli ina nafasi tupu karibu na reli: kiwanja, majani, njia ya miguu inayokata kona. Wajenzi huijaza kwa sababu wanaona bodi ni ndogo, na wanataka kila sentimita ya nafasi iwe na jengo. Uwazi huo ndio unaofanya stesheni ionekane iko mjini kwao na si dukani.

Chora mpango wako kwenye zile karatasi za ukubwa kamili. Weka pointi zenyewe juu yake, au picha zake zilizochapishwa kwa ukubwa halisi. Simamisha maboksi ya kadibodi mahali pa majengo. Uache hivyo wiki nzima, upite karibu kila siku, urekebishe. Mwonyeshe mtu anayeujua mji. Akiutaja bila kusaidiwa, endelea. Akisitasita, rudi kwenye vitu vitano.

Kumbuka kuacha bodi moja, au angalau nusu bodi, mwishoni kwa ajili ya yadi ya kujificha ambako treni husubiri nje ya mji. Bila hiyo treni haina pa kutoka wala pa kwenda.

Hatua ya 5: Jenga bodi

Kata plaiwudi ya juu, kisha kiunzi cha vipande vya kina cha sentimita 10 kuzunguka, na vya kukatiza kila sentimita 30. Toboa matundu ya waya kwenye vile vya kukatiza kabla ya kuviunganisha. Gundi na skrubu vyote viwili: skrubu hushika gundi inapokauka, gundi hushika miaka inayofuata.

Paka rangi au vanishi pande zote, juu, chini na kwenye kingo. Plaiwudi iliyopakwa upande mmoja hunyonya unyevu upande wa pili na kupinda. Hiki ndicho chanzo cha bodi nyingi "zilizoharibika zenyewe".

Bodi nzuri ikilazwa sakafuni tambarare haitikisiki kwenye kona yoyote, na ukiweka rula ndefu juu yake huoni mwanga chini ya rula.

Hatua ya 6: Unganisha bodi kabla ya kuweka reli

Safari ya kwanza niliyobeba reli yangu, nilikuwa nimeunganisha bodi kwa boliti peke yake. Boliti zilikaza barabara. Lakini tundu la boliti lazima liwe pana kuliko boliti ili ipite, na ule upana mdogo unatosha kuihamisha bodi. Kwenye ncha za reli nilikuwa nimetumia viunganishi vya kuteleza, vile vipande vidogo vya chuma vinavyounga ncha mbili. Kwenye mlango wa ukumbi ncha moja ilinasa kwenye nguo, ikang'oka na mataruma (vipande vya kulalia reli) yake manne ya plastiki. Siku nzima treni hazikutembea.

Tangu hapo nagawanya kazi: pini zinalenganisha, boliti inavuta. Fanya hivi.

Simamisha bodi mbili kama zitakavyokaa, nyuso za juu zikiwa sawa kabisa, na uzibane kwa klampu. Pitisha kidole kwenye ungio: usihisi ngazi yoyote. Toboa matundu mawili ya pini kupitia mbao zote mbili kwa mkupuo mmoja, moja karibu na kila ukingo. Ukitoboa kila bodi peke yake hazitakutana, hata ukipima vipi. Kaza dume upande mmoja, jike upande mwingine. Kisha toboa matundu ya boliti mbili, mapana kidogo, katikati ya zile pini mbili.

Ungio zuri hutoa mlio mdogo pini zinapoingia, na bodi hubaki imeshikana hata kabla hujakaza boliti. Andika namba kwenye kila ungio, kwa sababu bodi ya 1 haitaingiliana na ya 3.

Sasa weka miguu. Kwa maonyesho ya watu wazima kimo cha reli cha sentimita 120 kinafaa. Kama watoto ni wengi, 100. Weka boliti ya kurekebisha chini ya kila mguu, maana sakafu za kumbi hazilingani.

Hatua ya 7: Laza reli moja kwa moja, kata baadaye

Laza reli bila kuikata kwenye ungio, kana kwamba bodi ni moja. Reli ivuke ungio ikiwa imenyooka na karibu na pembe mraba. Pointi isikae juu ya ungio wala ndani ya sentimita 10 kutoka hapo.

Kila upande wa ungio ondoa mataruma manne ya plastiki, weka mahali pake vipande vya ubao wa saketi vilivyogundishwa kwa epoksi na kukazwa kwa skrubu ndogo. Kwanza kwaruza shaba ya kila kipande katikati kwa tupa, la sivyo reli mbili zitaungana na kupiga shoti. Hakikisha kwa mita. Kisha lehemu reli juu ya shaba. Fungua dirisha, na unawe mikono baadaye kama risasi yako ina madini ya risasi.

Ikishapoa, vaa miwani ya kinga na ukate reli kwa kisahani juu kabisa ya mstari wa ungio. Fungua bodi, lainisha ncha kwa tupa ndogo upande wa ndani. Sasa ncha zimeshikwa na shaba na epoksi, na kwa kuwa zilikatwa zikiwa mahali pake, zitarudi mahali pake.

Epuka mwinuko kwenye reli inayobebeka. Mapindo yasiwe makali kuliko nusu-kipenyo cha sentimita 28 kwa N au 60 kwa HO kama una mabehewa marefu.

Hatua ya 8: Umeme

Pitisha waya mbili nene za rangi tofauti chini ya bodi zote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila kipande cha reli kipate waya wake mwembamba kushuka kwenye zile nene, usiozidi sentimita 30. Usitegemee viunganishi vya reli kupitisha umeme. Vikishika kutu kidogo treni inasita, nawe utatafuta kosa mahali pasipo kosa.

Kati ya bodi tumia plagi zenye pini nyingi, na pini ya kwanza ifanye kazi ileile kwenye kila bodi. Chora mchoro wa waya na uubandike chini ya bodi yenyewe. Daftari litasahaulika nyumbani.

Umeme wa ukutani usiingie kwenye bodi kabisa. Kiwe kifaa cha kupunguza volti kilichofungwa kiwandani, na kinachofika bodini ni volti 12 hadi 16 tu.

Kama unatumia mfumo wa kidijitali wa DCC (unaoongoza kila treni kwa ishara kupitia reli), weka sarafu juu ya reli zote mbili kwenye kila kipande. Mtambo unapaswa kujizima papo hapo. Usipojizima, waya ni nyembamba au lehemu ni mbovu, na siku treni itakapoanguka kitu kitaungua.

Hatua ya 9: Beba kabla ya kupamba

Hujaweka hata jani moja bado. Fungua bodi zote, zishushe ngazi, ziingize garini, zunguka mtaa, rudisha, unganisha, endesha treni. Rudia mara tatu. Kila mara endesha kichwa kifupi kuliko vyote ulivyonavyo kwa mwendo wa mtu anayetembea, mbele na nyuma, kupitia kila pointi. Kisha sukuma treni ndefu kuliko zote kinyumenyume.

Ikianguka mahali pamoja mara mbili, tengeneza sasa. Baada ya kokoto kumwagwa, kosa la dakika kumi huchukua jioni nzima.

Endelea tu utakapokuwa umeifunga na kuifungua mara tatu bila treni kuanguka kwenye ungio lolote.

Hatua ya 10: Kokoto, udongo na majengo

Mwaga kokoto kavu, zipange kwa brashi laini, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni gundi hujiviringisha na kuzihamisha kokoto. Kwenye pointi weka kidogo sana, na uzichezeshe kila nusu saa mpaka zikauke.

Tengeneza vilima kwa povu, siyo plasta. Plasta ni nzito na hupasuka safarini. Jaribu gundi yako kwenye kipande kwanza, kwani baadhi ya gundi za kupuliza huyeyusha povu.

Kwa ardhi, tumia udongo wa mji wenyewe. Beba mfuko mdogo kutoka kando ya barabara, uanike mpaka ukauke kabisa, uusage, uuchuje kwa kichujio cha chai kisha kwa soksi ya nailoni. Tandaza unga huo kwenye karatasi na upitishe sumaku iliyofungwa ndani ya plastiki, mara kadhaa. Utashangaa vumbi jeusi linaloshika: hizo ni chembe za chuma, na zikiachwa zitavutwa na mota za treni na kuziharibu. Udongo ukigundishwa hukolea rangi, hivyo jaribu kwanza pembeni na uongeze wenye rangi hafifu ikibidi. Hakuna rangi ya dukani niliyowahi kuona ikifanya kazi hii vizuri zaidi. Anayetoka mji huo huutambua udongo kabla hajalitambua jengo.

Majengo yasigundishwe. Kila moja lipate pini mbili chini zinazoingia kwenye matundu bodini, ili litoke na kusafiri katika boksi lake. Miti na nguzo vivyo hivyo, zikiwa karibu na ukingo.

Hatua ya 11: Sanduku la safari

Funga bodi mbili mbili, nyuso zikitazamana, kwa mbao mbili za mwisho zinazokazwa kwenye matundu yaleyale ya boliti. Mbao hizo zinalinda ncha za reli, na bodi zenyewe zinakuwa sanduku. Acha kati yake nafasi ya mara mbili ya kimo cha kitu kirefu kisichong'oka, na sentimita tano juu yake.

Kwenye kisanduku cha zana weka boliti na nati za akiba, fyuzi, chuma cha kulehemu, mita, kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya kusafishia reli. Bandika ndani ya kifuniko orodha ya kuunganisha kwa mpangilio: miguu, bodi ya kati, bodi za pembeni, pimamaji, plagi, majengo, treni. Ukiwa umechoka utaifuata orodha bila kufikiri.

Ukirudi nyumbani, usiyaache masanduku yamefungwa. Yafungue siku hiyohiyo uyaache usiku mzima yapumue, hasa kama mvua iliwanyeshea njiani, ndipo uyafunge tena asubuhi.